UZI: Wazee wa spana, zege na mbao Nyanda za Juu Kusini, mlianza kazi mmevaa nini miguuni?

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Huku Mbeya baridi limeshika, mpaka saa nne asubuhi ukungu haujatoka, na kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kinauma kama kinavyouma kila Juni na Julai tangu mwaka 1987. Leo nimeona nifungue uzi maana juzi kuna kijana kaletwa gerejini kwangu na mama yake ajifunze kazi, kavaa yeboyebo, na nilivyoiangalia ile miguu nilinyamaza muda mrefu mpaka mama akadhani nimemkataa mwanae.

Mi nilianza nikiwa na miaka 16, gereji ya chini ya mkaratusi upande wa Mwanjelwa, magari mengi yalikua ya njia ya Zambia, Fiat, Leyland, Scania, yanapanda toka Dar yakishafika hapa yamechoka breki zote. Sisi spana boi tulikua wanne, mshahara hakuna, unakula mchana na ukibahatika tajiri wa gari anakuachia ya soda. Viatu nilikua nayo pea moja, raba za shule, na hizo mama alizifungia kwenye sanduku za kwendea kanisani. Kazini nilivaa kandambili. Waya ukikatika unaupitisha msumari kwa chini, maisha yanaendelea.

Siku yenyewe fundi kaniambia nitoe dramu la breki la tela. Waliowahi kulishika wanalijua, chuma cha kumwaga, mtu mzima mmoja halinyanyui vizuri. Nimeligonga na nyundo huku na huku limeganda, nikagonga tena likachomoka lote kwa mara moja, kandambili zina oili zikateleza, nikajaribu kulizuia na goti, likashukia kidoleni. Mfupa ulivunjika, kucha mbili zilitoka. Nikabebwa kwenye kerea ya baiskeli mpaka hospitali. Nilikaa nyumbani karibu miezi miwili na mama aliuza debe za mahindi aliyokua ameyaweka ya kutufikisha msimu mwingine. Mwenye gereji alikuja mara moja akasema pole mwanangu kazi ndo zilivyo.

Sasa kinachoniuma mpaka leo ni hiki: fundi wangu alikua na buti. Buti jeusi zito, kisigino cha mpira mnene, mbele lina kikombe cha chuma. Na hakuwa mtu mbaya, alinifundisha kazi inayonilisha mpaka leo, Mungu amrehemu. Ila utaratibu ndo ulikua huo, fundi anashika spana na bomba la grisi, mwanafunzi ndo anabeba, ndo anaingia uvunguni, ndo anashikilia gea boksi lisishuke, na mwanafunzi huyo ndo yuko peku. Kila gereji niliyopita ilikua hivyo, na wa ujenzi nao wakisema utasikia ni vilevile.

Nguo nazo hivyohivyo. Ovaroli za bluu zilikua zinatoka mashirika ya umma, wafanyakazi wake walikua wanapewa, nyingine zinaishia sokoni zikiwa na maandishi ya shirika mgongoni. Inavaliwa na fundi mpaka magoti yanatoboka, inawekwa viraka, ndo inashuka kwako. Kabla ya hapo unajifunga gunia kiunoni. Na mi nilikua na suruali ya tetroni (polyesta), wakati ule ukiwa na tetroni we ni mtu, sikujua kwamba cheche ya kuchomelea ikitua kwenye pamba inatoboa tundu basi ila ikitua kwenye tetroni inayeyuka na kuganda na ngozi. Nina alama tatu pajani.

Nataka tuandike hapa, kila mtu alianza vipi. Wa Iringa, Njombe, Songwe, Rungwe, wote karibuni.

#2

Kamwene wakuu, mi niko Mafinga. Mzee wangu alikua mpasua mbao huku Mufindi kabla mashine hazijazagaa, mnachimba shimo, gogo linawekwa juu, mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine anaingia shimoni, msumeno mrefu mnavutana juu chini kutwa nzima. Sasa fikirieni nani anaingia shimoni. Mgeni wa kazi. Unga wote wa mbao unamshukia machoni na shingoni na ukitazama juu ufuate mstari ndo umekwisha. Mzee alikua anafunga kitambaa cha kanga ya bibi kichwani mpaka kwenye nyusi, hiyo ndo ilikua helmeti yake na miwani yake. Miguuni katambuga, ndala za tairi.

Mi mwenyewe nilikuja kufanya misitu ya Sao Hill miaka ya 90, kukata matawi ya mipaina kwa panga, na hapo hatari yako ni panga lako mwenyewe, linateleza kwenye gome lenye utomvu linakuja kwenye mguu. Wenzetu wa kwenye chai walikua na unafuu, walivaa gambuti kwa ajili ya umande na nyoka. Gambuti halizuii panga lakini angalau linakupa nafasi.

#3 (mleta uzi)

Asante mkuu wa Mafinga, hiyo ya shimo imenigusa. Umetaja katambuga, naomba niseme kitu maana vijana wanaona ni kiatu cha mzaha. Katambuga nzuri ilikua inakatwa kwenye tairi la zamani la nailoni, lile lisilo na waya ndani isipokua pembeni. Soli yake ukikanyaga msumari wa nchi tatu mara nyingi unapinda au unaishia kwenye mpira. Zilivyokuja tairi za redio (radial) zenye mkanda wa waya kukata ikawa taabu, na zikichakaa vile viwaya vinachomoza vinakuchoma nyayo. Kwahiyo kwa chini katambuga ilikua inalinda kuliko raba nyingi za dukani. Shida yake ni vidole, viko nje vyote kumi, na kitu kikianguka kinatua huko.

#4

Ndaga fijo mleta uzi. Mi ni wa Tukuyu. Babu yangu mzaa mama alienda Wenela, wakongwe wanaelewa, ile iliyokua inachukua vijana wa huku Rungwe kuwapeleka migodi ya dhahabu Afrika Kusini, mpaka serikali yetu ilivyokuja kusitisha baada ya uhuru. Alirudi na buti la misumari, soli ya ngozi ngumu imepigiliwa vichwa vya misumari ili isiteleze kwenye mwamba na isilike haraka. Unajua alilifanyia nini hilo buti? Aliendea kanisani na kwenye harusi mpaka anazeeka. Shambani alienda peku.

Na ndo naona chanzo cha yote hayo. Kwa wazee wetu kiatu kilikua kitu cha heshima, unakitunza, unakipaka rangi, hukipeleki kwenye matope na oili. Hata we mleta uzi raba zako zilifungiwa sandukuni. Mama yako hakukosea, angeziacha uvae gereji zingekwisha mwezi mmoja na kanisani ungeenda na nini?

#5

Nami niweke la baba yangu, alikua kwenye ujenzi wa reli ya Uhuru, TAZARA, 1972 mpaka 1974, kipande cha Mlimba kuja Makambako ambacho kila anayejua historia ya ile reli atakwambia ndo kilikua kigumu kuliko vyote, milima, mahandaki, madaraja, matope. Reli nzima ni kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi na walianza 1970 treni zikafika mwisho 1975, sasa jiulize spidi hiyo ilibebwa na mabega ya nani. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye ile kazi na wenyeji wengi tu.

Baba anasema mataruma ya ile reli ni ya zege, sio ya mbao, mnaingia watu kadhaa mnabeba kwa vyuma, na mmoja akiteleza wote mnaumia. Alivaa viatu vya turubai soli ya mpira. Vikilowa havikauki, huko kwenye mvua za Mlimba ngozi ya nyayo ilikua inatoka kama karatasi. Wachina wenyewe kwa alivyosimulia walikua wanavaa vilevile kama wao na wanakula kando ya kazi kama wao, hilo alilisema kwa heshima sana mpaka anafariki.

#6

Samahani wakuu mi nitatofautiana kidogo. Nimekaa kwenye kazi ya kuchomelea miaka 30, hapa Iringa mjini. Sisi hatukupewa buti, hatukupewa miwani, tulichomelea kwa jicho moja limefumbwa, usiku macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga unakata slaisi za kiazi mbichi unaweka unalala. Na ndo tukawa mafundi. Vijana wa sikuizi unampa glavu, unampa buti, mwezi wa pili kakimbilia bodaboda. Ugumu ule ulikua unachuja, anayebaki ni fundi kweli.

#7 (mleta uzi)

Mzee wangu wa Iringa shikamoo, nakujibu kwa heshima.

Tulikua wanne pale chini ya mkaratusi. Mmoja alikua na mkono kuliko sisi wote, akisikiliza injini anakwambia vali ya ngapi imeungua na ukifungua unaikuta. Huyo jiwe la grenda lilipasuka kipande kikaingia jichoni, hakuna miwani. Aliacha kazi akiwa na miaka 18, akarudi kijijini Isyonje analima viazi, na analima vizuri tu, lakini fundi yule tulimpoteza. Mi nilibaki na sikuwa bora kumzidi, nilibaki kwa sababu kilichovunjika kwangu ni kidole, na yeye lilikua jicho. Sasa mzee niambie ugumu ule ulichuja nini hapo?

Na hizi za vijana kukimbia, wanakimbia pia kwa sababu wameona vidole vya sisi tuliobaki.

Tena kisheria hili halikuanza jana. Sheria ya viwanda ya mkoloni ilikuwepo tangu 1950, ila mkaguzi gani alikua anakuja chini ya mkaratusi? Baadae ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, hiyo inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Gereji zetu ndogo tumejificha kwenye neno moja, eti "huyu sijamwajiri, anajifunza tu". Mi pia nililitumia hilo neno miaka ya mwanzo nilivyofungua yangu, na naona aibu.

#8

Mi nilikua saidia fundi Makambako na Njombe miaka ya 90 mwishoni, kwetu adui namba moja ni msumari wa kwenye mbao za maboksi ya zege. Yakishafumuliwa zile mbao zinatupwa chini misumari inaangalia juu, na unapita na ndoo ya zege kichwani huoni chini, na zege halilali kwahiyo hakuna kusimama kuangalia. Nilichomwa mara nne. Mara ya tatu msumari ulipita kandambili ukatokea juu ya mguu. Dawa ilikua unapiga pale na ubapa wa mbao damu itoke halafu unapaka mafuta ya taa. Nilikuja kumzika mwenzangu kwa pepopunda, taya zimekaza mwili umepinda, nikajua kumbe yale mafuta ya taa tulikua tunajidanganya.

La pili saruji. Watu wanaidharau kwa sababu haichomi palepale. Unakanyaga zege bichi kutwa, jioni unaosha, usiku katikati ya vidole kunawaka, asubuhi ngozi imetoboka vishimo. Hata ukivaa gambuti, zege likiingia kwa juu likakaa humo ndo mbaya zaidi kuliko peku, linakupika taratibu.

#9 (mleta uzi)

Mkuu wa Makambako umemaliza, hilo la saruji kuingia ndani ya gambuti nimewahi kulishuhudia kwa shemeji yangu. Saruji mbichi ina magadi makali, inakula ngozi polepole na maumivu yanachelewa kuja, ukisikia inawasha ujue ilishaanza kitambo. Suruali inatakiwa ije nje ya buti, isichomekwe ndani, na ikiingia tu unavua unaosha kwa maji mengi palepale hata kama zege linasubiri. Kwa wachomeleaji hivyohivyo, suruali ya pamba inafunika shingo ya buti, ukichomeka ndani umetengeneza mfuko wa kupokelea cheche. Na msumari ukiingia mguuni ni kwenda kituo cha afya kuchoma sindano ya pepopunda, mafuta ya taa yabaki kwenye koroboi.

Kuna waliouliza pm buti la kweli linajulikanaje. Angalia kwenye ulimi wa kiatu kwa ndani kuna kitambaa kimeandikwa. Ukiona 20345 hilo limetengenezwa kwa kipimo cha kimataifa, kikombe cha mbele kinatakiwa kihimili pigo la juli 200, ambalo ni kama chuma cha kilo 20 kimeachiwa kikakushukia toka mita moja hivi. Halafu kuna herufi. SB ni kinga ya vidole na mambo ya msingi. S1P ina bamba la kuzuia msumari kwenye soli. S3 ina hilo bamba, ngozi yake haipitishi maji haraka na soli ina meno, kwa mvua na matope ya huku kwetu hiyo ndo naipendelea. Wa ujenzi msinunue S1 kavu isiyo na P, vidole vitapona na nyayo zitachomwa.

Na wale wanaosema kikombe cha chuma kitakukata vidole kikibonyea, jamani, mzigo wa kukibonyeza kile kikombe mpaka kikate, bila kikombe mguu wenyewe ungekua uji.

#10

Naomba na sisi tusikike. Mi ni mwanamke, nilisomea ufundi umeme chuo cha ufundi miaka ya 90, darasani tulikua wasichana wawili. Zilivyokuja buti za chuo ndogo kuliko zote ilikua namba 41, mi navaa 37. Mwalimu akatuambia tuvae soksi mbili. Nilivaa soksi tatu na bado kisigino kinapanda kinashuka, malengelenge kila wiki, na siku ya kupanda nguzo kwa vyuma vya kupandia niliogopa buti litabaki juu mi nikaja chini. Mwenzangu aliacha mwaka wa pili. Na ovaroli ni ya kipande kimoja, ukitaka kujisaidia unavua yote mpaka chini kwenye choo kisicho na mlango wa maana. Hayo nayo yaandikwe.

#11 (mleta uzi)

Dada yangu, yameandikwa, na nakuomba radhi maana nimeandika uzi mzima kana kwamba kazi ilikua ya wanaume tu. Buti kubwa ni hatari, vidole havifiki kwenye kikombe, mguu unatembea ndani na ngazini unateleza. Sikuizi namba 36 na 37 zinapatikana, unaagiza kwa wauzaji wa vifaa Dar zinapanda na basi, na ovaroli ziko za vipande viwili koti na suruali. Mwaka jana nilikua na binti mmoja anajifunza umeme wa magari nilimwagizia hivyo.

#12

Mleta uzi swali. Nimenunua sefti buti la mtumba pale Sido Mwanjelwa, la Ulaya, ngozi safi kabisa kama halijavaliwa, nimelivaa wiki mbili soli imepasuka katikati ikaanza kumeguka kama mkate mkavu. Nimeuziwa feki?

#13 (mleta uzi)

Sio feki mkuu, pengine ni kiatu halisi kabisa. Soli nyingi za sikuizi ni poliyurethani, nyepesi, laini, ila ina ugonjwa mmoja, unyevu wa hewani unaila kwa ndani pole pole hata kiatu kikiwa kimekaa tu stoo. Buti likilala miaka mingi bila kuvaliwa ndo linaharibika vizuri zaidi, unalikuta linang'aa na ndani soli imeshakufa. Kabla ya kununua mtumba likunje mara kumi mbele ya muuzaji, bonyeza soli kwa ukucha, kama alama inabaki au pembeni pana mipasuko ya nywele, acha. Tafuta soli ya mpira wenyewe, ni nzito ila inakaa, na kwa wachomeleaji inavumilia joto. Angalia na tarehe, nyingi zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa chini au kwenye ulimi.

Hizi mitumba zilituokoa lakini. Biashara ilivyofunguliwa katikati ya miaka ya 80 zilianza kushuka marobota, ndo mara ya kwanza spana boi kuvaa buti za wazungu. Kulikua na zile zenye uzi wa njano kuzunguka soli, Dr. Martens, tulikua hatujui jina, tunaziita tu buti za uzi wa njano. Nilikuja kusoma baadae kwamba la kwanza lilitoka Uingereza tarehe 1 Aprili 1960 na lilikua kiatu cha wafanyakazi kabla halijawa la fasheni. Halina chuma mbele yale ya kawaida, ila soli yake kwenye oili ilikua inashika kuliko kandambili kwa mbali sana.

#14

Mkuu yule kijana wa yeboyebo aliyeletwa na mama yake, ulimchukua? Na lile buti la fundi wako liliishia wapi?

#15 (mleta uzi)

Nimemchukua. Mama alisema atalipa ada ya kujifunza kidogo kidogo, nikamwambia hela ya kwanza asiniletee mimi. Jumamosi nilienda nae kijana mjini tukanunua buti, S3, namba 42, elfu 45, nikaongezea mi nusu. Gerejini kwangu spana hashiki mtu mpaka awe na kiatu na miwani, wako watano saivi na wote wanavyo. Ovaroli nawashonesha kwa fundi cherehani wa Soweto, khaki ya pamba, na yenye jina la gereji naiacha kwangu inafuliwa hapahapa kijana asibebe oili na grisi nyumbani kwa mama yake.

Buti la fundi wangu alinipa 1994 alivyoacha kazi. Lilikua kubwa kwangu namba mbili, nilikua nasokomeza vitambaa mbele, nikalivaa miaka sita. Kuna siku jeki liliteleza kwenye jiwe, springi ya Isuzu ikaja mguuni, mguu uleule wa kulia, kikombe kikabonyea upande mmoja na vidole vyangu vikatoka vizima. Lipo ukutani pale ofisini, ngozi bado ngumu nzuri, soli ya kushoto ilitoka. Fundi viatu wa Mafiati kaniambia anaweza kuliwekea ya tairi, nampelekea kesho.